Jeraha Si Dhambi: Tunachojifunza kwa Will Hunting



Kijana mwenzangu, leo tunaangalia filamu kwa macho mawili: jicho la imani na jicho la saikolojia. Filamu yenyewe inaitwa Good Will Hunting, ya mwaka 1997. Iliongozwa na Gus Van Sant, na hadithi yake iliandikwa na vijana wawili marafiki, Matt Damon na Ben Affleck, ambao pia wanaigiza humo ndani. Mwaka 1998 wawili hao walipata tuzo ya Oscar kwa uandishi, na Robin Williams akapata ya mwigizaji bora msaidizi.

Tahadhari kwanza. Filamu hii ina matusi mengi, ugomvi, ulevi na mahusiano nje ya ndoa. Si ya kuangalia na wadogo zako, na mimi sisifii kila kilichomo. Lakini Mtume Paulo anatufundisha kuyapima mambo yote na kulishika lililo jema (1 Thes 5:21), na humu kuna jema moja kubwa ambalo vijana wengi tunalihitaji: kujua tofauti kati ya dhambi na jeraha. Ukivichanganya hivi viwili, unaweza kwenda kuungama miaka kumi na bado ukatoka na mzigo uleule mgongoni.

Hadithi kwa kifupi

Will Hunting ana miaka 20. Ni yatima, amekulia South Boston huko Marekani, mtaa wa wafanyakazi wenye asili ya Ireland. Amelelewa kwenye nyumba kadhaa za walezi, na baadhi yake aliondolewa kwa sababu ya kipigo. Kazi yake ni kupiga deki katika chuo kikuu maarufu cha MIT. Profesa mmoja wa hisabati, Gerald Lambeau, anaandika swali gumu kwenye ubao wa korido ili awapime wanafunzi wake. Jibu linatokea ubaoni na hakuna mwanafunzi anayejua nani kaliandika. Aliyeandika ni yule kijana wa deki.

Akili ya Will ni ya ajabu, ila maisha yake ni vurugu tupu. Anamvamia mtaani jamaa aliyekuwa akimwonea walipokuwa chekechea, kisha anampiga na askari polisi. Anafikishwa mahakamani. Lambeau anazungumza na hakimu, Will anaachiwa kwa masharti mawili: asome hisabati na profesa, na aonane na mshauri wa kisaikolojia kila wiki. Washauri wa mwanzo anawafanyia dhihaka mpaka wanakata tamaa. Mwishowe anapelekwa kwa Sean Maguire, mwanasaikolojia aliyesoma pamoja na Lambeau, ambaye sasa anafundisha chuo cha kawaida tu. Sean naye ni mtoto wa South Boston, na mke wake kipenzi amefariki kwa saratani.

Kuna pia Skylar, msichana anayesoma Harvard na anayejiandaa kwenda California kusomea udaktari. Will anampenda, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Sasa tuingie kwenye somo.

1. Akili inapogeuka ukuta

Siku ya kwanza ofisini kwa Sean, Will haketi kama mtu aliyekuja kusaidiwa. Anakagua vitabu kwenye rafu na kuvikosoa. Anaona mchoro ukutani, mtu anapiga makasia kwenye bahari iliyochafuka, na mara moja anaanza kumchambua Sean kupitia mchoro ule, mpaka anagusa habari za mke wake. Sean anakasirika, anamkaba koo. Hata mshauri ni binadamu, na ile si njia ya kushauri mtu. Lakini angalia alichokifanya Will: amekuja kuchunguzwa, akageuka yeye kuwa mchunguzi.

Mwaka 1936 Anna Freud, binti wa Sigmund Freud, alichapisha kitabu juu ya kinga ambazo nafsi hujijengea ili isiumie. Mojawapo aliiona sana kwa vijana: mtu anakimbilia kwenye mawazo makubwa ili asikutane na hisia zake. Anaweza kujadili upendo, kifo na uhuru usiku kucha, lakini ukimwuliza, “Wewe ulijisikiaje baba alipoondoka?” anabadilisha mada. Nimesoma falsafa, na nakuhakikishia kwamba neno gumu linaweza kufunika kidonda vizuri kuliko bandeji.

Na usidhani hii ni kwa wasomi tu. Kuna anayejificha nyuma ya utani, kila kitu kwake ni cha kuchekesha. Kuna anayejificha nyuma ya ubabe. Kuna hata anayejificha nyuma ya mambo ya Kanisa: yuko kwaya, yuko Viwawa, yuko kamati ya mavuno, hakosi mkutano, kwa sababu akibaki peke yake chumbani kimya kinamtisha.

Injili inalijua jambo hili. Soma Yohana sura ya 4. Yesu anaongea na mwanamke Msamaria kisimani. Mazungumzo yanakwenda vizuri mpaka Yesu anapogusa habari za waume zake. Ghafla mama yule anahamia kwenye swali la dini: tuabudu mlima gani, huu au Yerusalemu? Walimu wengi wa kiroho wameona hapo mtu anayekwepa. Na Yesu anafanyaje? Hamkaripii kwa kukwepa. Analijibu swali lake kwa heshima, na haondoki pale kisimani. Subira hiyo inampeleka mama yule mahali ambapo mashtaka yasingemfikisha.

Sean naye, siku ya pili, anamchukua Will wakakae kwenye benchi la bustani ya mji, kando ya bwawa. Anamwambia kwa utulivu kwamba anaweza kujua kila kitu kilichoandikwa juu ya Michelangelo, lakini hawezi kujua harufu ya Kanisa dogo la Sistina kama hajawahi kusimama ndani yake. Anaweza kusoma habari za vita, za ndoa na za msiba, lakini kusoma si kuishi. Kisha anamwachia mlango wazi: mimi nitakusikiliza, lakini habari za maisha yako sitazisoma kitabuni, utanieleza wewe mwenyewe ukiwa tayari. Kikao kinachofuata Will anakaa kimya saa nzima. Sean naye anakaa kimya, hamlazimishi.

2. Aliyeumwa na nyoka

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Saikolojia ya karne ya 20 ilichukua muda mrefu kueleza kitu hichohicho.

Daktari Mwingereza John Bowlby alifundisha kwamba mtoto huzaliwa na hitaji la kushikamana na mtu mmoja au wachache wanaomlinda, na kwamba hitaji hili ni la msingi kama chakula. Mwenzake, Mary Ainsworth, alikuja huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1954 alifika Uganda, akawa anatembelea nyumba za familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala, akiwaangalia mama wa Kiganda na watoto wao wachanga. Aliona jambo ambalo shangazi yako analijua bila digrii: mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa mbali, hushika hiki, huonja kile, kisha hugeuka kuangalia kama mama bado yupo. Akiona yupo, anaendelea na safari yake. Uhakika wa kwamba mama yupo ndio unaompa ujasiri wa kuondoka.

Baadaye, Marekani, Ainsworth aliona pia watoto wa aina nyingine. Mama akitoka hawalii, na akirudi hawamkimbilii, wanaendelea na mchezo kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiwaangalia haraka utasema, “Huyu mtoto ni jasiri kweli.” Kumbe amejifunza mapema kwamba kulia hakusaidii, kwa hiyo ameacha kuomba.

Sasa mrudie Will. Anamwambia Skylar kwamba ana kaka kumi na wawili. Ni uongo, hana hata mmoja. Hataki msichana huyo aone anapoishi. Skylar anapomwomba waende wote California, Will hajibu kwa furaha wala kwa kusema “sina uhakika”. Anakuwa mkali. Ugomvi unapanda, ukweli wa vipigo na kuchomwa sigara unamtoka kwa hasira, na Skylar anapotaka kumsaidia anajisikia kudhalilishwa. Skylar anamwambia: sema hunipendi, nami nitaondoka maishani mwako. Will anamtazama usoni na kusema hampendi. Halafu anaondoka.

Anampenda sana, na ndiyo maana anaondoka. Mantiki ya moyo uliojeruhiwa ni hii: kila niliyemtegemea aliniacha au alinipiga, huyu naye siku moja atanijua vizuri na ataniacha, basi bora nimwache mimi kwanza. Anaharibu mwenyewe ili asishuhudie kikiharibiwa.

Kijana, jiulize bila kujipiga kifuani: ni mara ngapi umemjibu mtu vibaya siku aliyokuja karibu sana? Kuna binti anayegombana na kila mchumba mara tu wanapoanza kuongea habari za kwenda nyumbani kujitambulisha. Kuna kijana wa kiume anayeacha kupokea simu za rafiki yake wa kweli bila sababu. Na kuna wanaomfanyia Mungu hivyohivyo: wakisikia faraja katika sala wiki mbili, wanaacha kusali wiki ya tatu, kwa hofu kwamba Mungu naye akikaa nao sana atawachoka.

Kwa hofu hiyo Maandiko yana jibu. Mtunga Zaburi anasema kwamba hata baba na mama wakimwacha, Bwana atampokea (Zab 27:10). Na kwa nabii Isaya, Mungu anauliza kama mama anaweza kumsahau mtoto anyonyaye, kisha anasema kwamba hata huyo akisahau, yeye hatasahau (Isa 49:15). Maandiko hayadai kwamba wazazi wote ni wema. Yanakubali kwamba mzazi anaweza kuacha. Wanaosoma Biblia kana kwamba inawakataza kusema waliumizwa nyumbani wanaisoma nusu.

3. Kupendwa wewe, au kupendwa kipaji chako?

Waangalie watu watatu wanaomzunguka Will.

Profesa Lambeau anaona kipaji. Anamtafutia kazi kubwa, anamsukuma, anakasirika Will asipokwenda kwenye usaili. Si mtu mbaya. Lakini ukimsikiliza, anazungumza zaidi juu ya hisabati itakayopotea kuliko juu ya kijana atakayepotea.

Chuckie, rafiki yake wa ujenzi, hana elimu kubwa. Will anapomwambia anataka kukaa naye mtaani na kubeba matofali maisha yote, Chuckie anamjibu kwa ukali wa rafiki: kubaki hapa ni kututukana sisi tusio na nafasi kama yako. Kisha anamwambia kwamba kila asubuhi anapokuja kumchukua, sekunde zake nzuri kuliko zote ni zile chache za kutoka kwenye gari mpaka mlangoni, kwa sababu anatumaini siku hiyo atagonga na Will hatakuwepo, amekwenda kuishi maisha yake. Rafiki anayetamani uondoke kwa faida yako, ingawa atakukosa, huyo mshike.

Sean anauliza swali ambalo wengine hawakuuliza: wewe unataka nini? Will, bingwa wa kujibu kila kitu, anakosa jibu. Anafanya utani, eti anataka kuwa mchungaji wa kondoo. (Sisi tulio njiani kuelekea uchungaji wa aina nyingine tunacheka hapo.) Sean hacheki. Anamwonyesha mlango: kama hutaki kujibu swali hili, nenda.

Mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers, ambaye kabla ya saikolojia aliwahi kusoma teolojia, alifundisha kwamba mtu hubadilika anapokutana na mwingine anayemkubali bila masharti, anayejitahidi kuuona ulimwengu kwa macho yake, na asiyeigiza. Wapo wanaodhani kumkubali mtu bila masharti ni kumwambia kila anachofanya ni sawa. Sean anatuonyesha sivyo. Anamkubali Will mzima, na kwa sababu hiyohiyo hakubali uongo wake.

Hapa nawaombea wazazi na walezi wanaosoma pamoja nasi. Mtoto aliyepata daraja la kwanza anachinjiwa mbuzi. Aliyefeli anaambiwa, “Usiniite mama.” Wote wawili wamefundishwa somo moja: unapendwa kwa matokeo. Yule aliyefaulu ataishi akiogopa mtihani unaofuata, na Mungu atamwona kama msahihishaji mwenye kalamu nyekundu. Lakini kumbuka pale Yordani: Baba alitangaza kwamba amependezwa na Mwanawe kabla Yesu hajafanya muujiza hata mmoja hadharani (Mk 1:11).

4. Kosa si lako

Sasa tufike kwenye kiini. Sean ameshika faili la Will lenye picha za majeraha yake ya utotoni. Will anamwuliza kama anayajua mambo haya. Sean anasema ndiyo, baba yake alikuwa mlevi, na akirudi usiku, yeye Sean alimchokoza makusudi ili kipigo kiishie kwake kisimfikie mama na mdogo wake. Will naye anaeleza: baba mlezi aliweka mezani spana, fimbo na mkanda, halafu akamwambia achague. Will alichagua spana, kwa ubishi, ili yule mtu asione kwamba amemshinda.

Ndipo Sean anamwambia kwamba kosa halikuwa lake. Will anajibu kirahisi kwamba anajua. Sean anarudia. Will anatabasamu, najua. Sean anasogea, anarudia tena. Will anaanza kukasirika, anamsukuma, anamwambia asimchezee. Sean anarudia tena na tena, mpaka yule kijana mbabe analia kama mtoto na kumkumbatia.

Tazama kwamba Sean hakuleta habari mpya. Neno lilelile, mara zaidi ya tano. “Najua” ya kwanza ilikuwa ya kichwani, na kati ya kichwa na moyo pana safari ndefu. Neno lilihitaji kuletwa na mtu aliyebaki pale hata aliposukumwa.

Lakini kwa nini mtoto aliyepigwa ajione mkosaji? Katika miaka ya 1940 daktari wa Uskoti, Ronald Fairbairn, alitoa maelezo ambayo sisi waamini tunapaswa kuyatafakari. Mtoto hawezi kuishi bila mtu mzima. Akikiri kwamba anayemlisha ndiye mbaya, ulimwengu wote unakuwa mbaya na hana pa kukimbilia. Kwa hiyo anachagua kuamini kwamba mbaya ni yeye. Angalau hapo kuna tumaini: nikiwa mwema kesho, hawatanipiga. Ni kinga ya mtoto mwenye akili. Tatizo ni kwamba anakua nayo. Anafika miaka 20 akiwa na hatia isiyo na dhambi, na hatia ya namna hiyo haiondoki kwa kitubio, kwa sababu hakuna dhambi ya kuondolewa.

Kwenye mafungo ya vijana huwa kuna kisanduku cha maswali yasiyo na jina. Kuna swali linalorudi kwa maneno mbalimbali: mtu mzima alinifanyia jambo baya nikiwa mdogo, je, nikaliungame? Nataka nilijibu wazi kabisa. Hapana. Kanisa linafundisha kwamba dhambi ya mauti inahitaji jambo zito, kujua, na kukubali kwa hiari. Ulichofanyiwa kwa nguvu, kwa vitisho au kwa hila ukiwa mtoto, hukukitaka. Mwenye dhambi ni aliyetenda. Unaweza kumweleza padre, na ni vizuri, lakini mweleze kama mgonjwa anavyomwonyesha daktari kidonda, usimweleze kama mshtakiwa.

Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu tangu kuzaliwa: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Walikuwa na uhakika kwamba penye maumivu lazima pawe na mkosaji, na kwamba mkosaji ni mwenye maumivu. Yesu akakataa yote mawili (Yn 9:3). Kisha akatema mate, akafanya tope, akamgusa macho. Kwanza aliondoa shtaka, ndipo akaponya.

5. Lakini mkono ni wako

Hapa lazima tuwe makini, maana somo hili linaweza kugeuzwa kisingizio. Baba mlezi kumpiga Will si kosa la Will. Will kumvamia mtu mtaani na kumpiga askari, huo mkono ni wake. Kumdanganya na kumuumiza Skylar, huo ulimi ni wake. Kwa hiyo tutenganishe mambo matatu. Kuna jeraha, yaani nililofanyiwa. Kuna kinga, yaani ukuta nilioujenga ili niishi. Na kuna tendo, yaani ninalochagua leo.

Kwa jeraha huna hatia. Kinga uliijenga bila hata kujua, na ilikusaidia wakati wake, lakini sasa inaweza kuwa gereza. Kwa tendo unawajibika, ingawa si kila mara kwa uzito uleule. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inafundisha kwamba uwajibikaji wa mtu unaweza kupungua au hata kufutika kwa sababu ya hofu, mazoea, shuruti na sababu nyingine za kisaikolojia au za kijamii. Kanisa halimwambii Will kwamba yeye ni mashine iliyoharibiwa utotoni. Linamwambia kwamba bado ni mtu huru, mwenye jeraha. Na uhuru huo ndio unaomwezesha kupona.

6. Machozi, rafiki na neema

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake (I-II, swali la 38), anaorodhesha dawa za huzuni. Wengi wakisikia jina la Tomaso wanategemea hoja kavu. Kumbe anataja furaha, machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, na hata usingizi na kuoga! Juu ya marafiki anatoa sababu mbili. Ya kwanza, huzuni ni kama mzigo, na rafiki anayehuzunika nawe ni kama amekusaidia kubeba. Ya pili, ambayo anasema ni bora zaidi: ukiona rafiki anaumia pamoja nawe, unatambua kwamba unapendwa. Soma tena tukio la Will na Sean ukiwa na maneno hayo.

Tomaso huyohuyo anafundisha kwamba neema haifuti maumbile, bali huyakamilisha. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukiwa na imani huhitaji mshauri, au kwamba kwenda kwa mwanasaikolojia ni kukosa imani. Ukivunjika mguu unasali na unaenda hospitali. Nafsi nayo ina mifupa yake. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ufanye nini sasa?

Kwanza, sema kwa mtu mmoja. Si kwenye kundi la WhatsApp, wala mbele ya jumuiya nzima. Mtu mmoja mzima, mwenye siri, asiyeshtuka: padre, sista, mwalimu wa malezi, mshauri nasaha, shangazi. Wa kwanza asipokusikiliza, tafuta wa pili.

Pili, kama unaumizwa sasa hivi, usingoje kupona, tafuta usalama kwanza. Tanzania na Kenya namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, na katika vituo vya polisi Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyekuumiza akiwa mtu mwenye heshima, hata akiwa mtu wa Kanisa, usimfiche. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliwaagiza kisheria mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji wa namna hiyo.

Tatu, unapojiandaa kwa kitubio, gawa karatasi yako mara mbili: niliyotenda, na niliyotendewa. Ya kwanza peleka kwa toba. Ya pili peleka mbele ya Ekaristi, uiombee uponyaji.

Nne, kama wewe ndiye unayesikiliza, usiwe na haraka ya kutoa mistari ya Biblia wala ya kusema “samehe tu yaishe”. Msamaha ni wa Kikristo, lakini mtu hawezi kusamehe kosa ambalo bado anaamini ni lake mwenyewe.

Mwisho wa filamu, Chuckie anagonga mlango na Will hayupo. Ameondoka na gari alilopewa na rafiki zake kwa kutimiza miaka 21, amekwenda California kumfuata Skylar. Hatuonyeshwi kama Skylar alimpokea. Tunachojua ni kwamba mtu aliyezoea kukimbia wanaompenda, safari hii amekimbilia kwao.

Maswali ya kutafakari

1. Ninajificha nyuma ya nini: akili, utani, ubabe, au shughuli nyingi?
2. Kuna hatia ninayoibeba kwa jambo ambalo sikulitenda?
3. Nani amewahi kubaki nilipomsukuma? Je, nimewahi kumshukuru?

Sala

Ee Yesu, wewe ulifufuka ukiwa bado na alama za misumari, na hukuona haya kumwonyesha Tomaso. Nifundishe kutoogopa majeraha yangu. Niliyotenda, unisamehe. Niliyotendewa, uniponye. Niondolee hatia isiyo yangu, unipe ujasiri wa kubeba iliyo yangu. Nitumie mtu atakayebaki, na unifanye niwe mtu anayebaki. Amina.

Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee.